Farasi wa Buluu Aliyepanda Kifaru Hadi Ukweni

Nianze kwa kukiri kwamba ninaona aibu mpaka leo, na kama wewe ni mtu wa Izigo na umekutana na maandishi haya, tafadhali usinikatize, najua ulikuwepo au ulisimuliwa na aliyekuwepo, ila safari hii niache nieleze mwenyewe maana habari inayozunguka huko imetiwa chumvi nyingi (sikuzimia, na hakuna mtu aliyekwenda kumwita padri).

Naitwa Evodi, nina miaka thelathini na mbili, nina ndevu, naishi Bukoba mjini na kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Hiyo ndiyo kazi inayojulikana. Ile isiyojulikana, ambayo kwa miaka minne niliificha kama mtu anavyoficha ugonjwa, ni kwamba nikishamaliza sebule na choo cha mteja nilikuwa nafungua faili jingine, na humo nilikuwa nachora vifarasi vya katuni, vile vyenye macho makubwa na kope ndefu na manyoya ya rangi rangi ambavyo watoto wa kike wa miaka sita wanavipenda, halafu naviweka juu ya vifaru vya Kirusi vya wakati wa vita kuu ya pili (nasema vifaru vya chuma vyenye mizinga, si wale wanyama wa mbugani). Usiniulize kwa nini. Kuna kikundi mtandaoni cha watu wazima kabisa, yupo daktari wa meno, yupo dereva wa treni, na sheria yetu ni moja tu, kwamba kifarasi kiwe laini kadiri unavyoweza lakini kifaru kiwe sahihi mpaka msumari wa mwisho. Mimi nilikuwa napata raha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Unachora chuma kizito kilichotengenezwa kwa ajili ya kuua, unahesabu pingili za minyororo yake, halafu juu yake unamkalisha kiumbe ambaye hajui hata kukasirika.

Sasa, mchoro wangu mmoja ulipendwa sana kule kikundini. Kifarasi cha buluu chenye manyoya ya rangi ya embe bivu, kimevaa kofia ya kijeshi yenye nyota, kinachungulia kutoka kwenye mnara wa kifaru aina ya T-34 huku kimeshika ua la njano mdomoni. Nikaona chini panahitaji maneno ya kishujaa, nikamwomba mwenzetu mmoja anayejua Kirusi anipe sentensi, akanipa, akaniambia maana yake ni "Mbele kwa ujasiri", nami nikainakili herufi kwa herufi. Kisha nikajizawadia. Nikaenda kwa jamaa anayechapa fulana, nikamwambia ni za mteja, nikachapisha moja tu, nikawa naivaa ndani kwangu mlango ukiwa umefungwa.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Kokushubira, tunamwita Koku, anafundisha shule ya msingi huko Muleba, na ikapangwa Jumamosi moja nikajitambulishe kwao Izigo. Mshenga wangu alikuwa baba yangu mdogo, Ta Projesti (kwetu Ta ni heshima ya mwanamume, Ma ya mwanamke), mtu ambaye anaweza kukuuzia mgomba wako mwenyewe ukamshukuru. Kuhusu baba mkwe, Ta Feliciani, nilijua mambo mawili tu, kwamba ni mwanajeshi mstaafu na kwamba alikuwa fundi wa magari. Nikajiambia, magari, basi malori na Landrova. Sikuuliza zaidi.

Asubuhi ya siku hiyo nikaamka nikakuta singlendi zangu zote tatu bado mbichi. Wanaoijua Bukoba wananielewa, mvua ikianza kutoka ziwani nguo inakaa kwenye kamba siku nne na bado unaikamua. Nina shati jeupe jipya, jepesi, la kuonyesha mwili, siwezi kulivaa bila kitu ndani. Nikafungua kabati, nikaiona ile fulana, kavu, imekunjwa vizuri. Nikafikiri, shati juu, koti juu ya shati, nani ataona? Nikaivaa. Hapo ndipo nilipoharibu, mengine yote yalifuata yenyewe.

Tulikodi gari, tukapakia zawadi, mchele, sukari, sabuni, kanga za mama na blanketi la bibi, tukaondoka vizuri. Mvua ikatukuta tukiwa tumeshaacha lami, na kwenye mlima wa mwisho kuelekea kwao gari likateleza, likarudi nyuma, likakaa upande kama ng'ombe aliyechoka. Dereva akasema hapandi tena. Nyumba tunaiona kule juu kati ya migomba, mwendo wa dakika kumi, na saa ya kufika imeshapita. Mwamvuli ulikuwa mmoja, nikampa Ta Projesti kwa sababu ndiye msemaji na msemaji hawezi kufika anatweta na kuchuruzika. Zawadi nyingine tukaziacha garini, ila hufiki mikono mitupu, ikabaki sukari. Utafikaje ukweni na uji wa sukari? Nikavua koti nikaifunika sukari, nikaibeba begani kama mtoto, nikapanda mlima na shati langu jeupe.

Tulipofika sebuleni kwao watu walikuwa kama thelathini, wazee kwenye makochi, akina mama kwenye mikeka, bakuli la kahawa ya kutafuna linazunguka, na mimi nimesimama mlangoni natiririka maji, nimekumbatia kifurushi kifuani. Walinipokea vizuri, nisiseme uongo. Mama mkwe, Ma Yustina, mama mpole kabisa, akaja mwenyewe kuchukua ile sukari.

"Pole mwanangu, umelowa hivi kwa ajili yetu," akasema. "Vua hilo shati, nikupe la baba yako, utaugua."

"Niko sawa, mama. Litakaukia mwilini."

"Haliwezi kukaukia mwilini na hii baridi. Vua."

Nikajishika kifua kwa mikono miwili kama msichana aliyefumwa anaoga. Sasa pale pembeni alikuwa amekaa shangazi yake Koku, Ma Leokadia, mwanamke mwenye macho ya kuona senene akiwa bado hewani, akaacha kutafuna kahawa, akainama mbele.

"Kuna kitu hapo kifuani," akasema. "Kina macho."

"Hakina macho, shangazi."

"Kinaniangalia."

Nikajitazama. Shati lilikuwa limenata mwilini na limekuwa kama karatasi ya kufungia mandazi, yaani lile jicho moja kubwa la kifarasi, na kope zake, lilikuwa linatokeza kati ya kifungo cha pili na cha tatu. Minong'ono ikaanza. Ta Projesti akanivuta kidogo, akaninong'oneza kwa Kihaya kwamba kama nimevaa dawa ya mganga nimwambie sasa hivi ajue pa kuanzia. Nikamwambia si dawa. Akasema basi vua, maana sasa wote wanadhani ni dawa, na hawa ni watu wa kanisa, hawatamtoa mtoto wao kwa mtu mwenye dawa.

Nikafungua vifungo. Nilivifungua polepole, kimoja kimoja, nikitumaini kwamba katikati ya kazi hiyo nyumba ingeshika moto. Haikushika. Nikasimama mbele ya ukoo mzima wa mwanamke ninayetaka kumwoa nikiwa na farasi wa buluu tumboni, kofia ya nyota, ua mdomoni, na mzinga wa kifaru umeelekezwa moja kwa moja kwa mama mkwe.

"Hii ni nini?" akauliza Ma Leokadia.

Ningesema ukweli hapo ningecheka nao dakika tano, tukakaa, tukala. Lakini niliangalia ukutani nikaona picha ya Moyo Mtakatifu, nikaangalia rozari shingoni mwa Ma Yustina, na mdomo wangu ukajiendea.

"Ni sare ya kikundi chetu cha sala," nikasema. "Tunaombea amani ya dunia."

"Na farasi?"

"Farasi ni unyenyekevu." (Mungu anisamehe.) "Kifaru ni vita. Unyenyekevu umeketi juu ya vita, umeishinda."

Nikuambie, uongo huo uliwaingia. Niliona kabisa nyuso zinalegea. Mzee mmoja akatikisa kichwa taratibu kama aliyesikia mahubiri mazuri, na Ta Projesti, ambaye hakujua lolote lakini aliiona nafasi, akadakia kwamba kijana huyu tangu utoto ni mtu wa sala sana, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza alipojisikia analisema.

"Na haya maandishi?" akauliza Ma Yustina, amesogea karibu.

"Hayo ndiyo sala yenyewe, mama. Ni ya Kirusi, kwa sababu wao walipata shida sana ya vita."

Bora ningejifanya nakohoa tu. Ma Yustina akageuka, akawaambia watu wasimame. Akasema sisi ni watu tunaoijua vita, mpaka wetu uliwahi kupitiwa na mizinga, watu walikimbia na watoto mgongoni, basi kabla ya mazungumzo ya posa mwanetu atuongoze kwa hiyo sala, kwa lugha yake hiyo hiyo. Watu thelathini wakasimama. Makochi yakalia. Wakafumba macho.

Mimi sijui neno hata moja la Kirusi. Nikainamisha kichwa nikaangalia tumbo langu, nikaona zile herufi zimegeuka juu chini na hata zingesimama sawa zisingenisaidia, nikavuta pumzi, nikaanza kuunganisha sauti zote zenye "ski" na "vich" nilizowahi kuzisikia kwa watangazaji wa mpira. Nadhani nilitaja safu nzima ya ulinzi ya timu fulani na kipa wa akiba. Nikaishusha sauti mwishoni ili ipate uzito, nikasema amina. Wakajibu amina, wote, kwa pamoja. Nilipoinua macho Ma Yustina alikuwa anafuta jicho kwa ncha ya kanga, na hilo jicho ndilo linaloniuma mpaka leo, mengine nimeshajicheka yakaisha.

Watu wakakaa. Nikaanza kupumua. Ndipo Ta Feliciani, ambaye tangu salamu hakuwa ametamka kitu, akatoa miwani yake mfukoni, akaifuta kwa utaratibu na pindo la shati, akaivaa.

"Njoo hapa kwenye mwanga, kijana," akasema.

Nikaenda. Akaweka kidole tumboni kwangu, kwenye herufi ya kwanza, akakisogeza taratibu mpaka ya mwisho, huku anasoma kwa sauti. Na ile sauti haikufanana hata kidogo na kile nilichokuwa nimesali. Ilikuwa lugha kweli, imenyooka, ina kituo chake.

"Nilikaa kule miaka miwili," akawaambia watu, si mimi. "Jeshi lilinipeleka kujifunza kutengeneza magari ya deraya. Haya maneno tulikuwa tunayaona kila siku kiwandani, kwenye makopo ya rangi na ya asidi."

"Yanasema nini, baba?" Huyo alikuwa Koku. Kwa utaratibu alipaswa kuwa chumbani mpaka aitwe, lakini alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Ta Feliciani akavua miwani. "Yanasema, weka mbali na watoto."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo watu wa nje hawaliamini ninapowasimulia, wanadhani nyumba ililipuka kwa vicheko, hapana, kulikuwa na kimya kizito cha watu thelathini wanaorudia kichwani ile amina yao. Kisha Ma Leokadia akachukua punje ya kahawa, akaitia mdomoni.

"Basi hata fulana yenyewe imeikataa posa," akasema.

Ta Projesti akajaribu. Alisema kijana amelowa, huenda ana homa, homa inaweza kumfanya mtu anene kwa lugha. Ta Feliciani akamwinulia kiganja, akanyamaza, na mimi sijawahi kumwona Ta Projesti akinyamazishwa na mtu kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Nikapiga magoti. Hakuna aliyeniambia, nilijikuta niko chini, na nikasema yote, kikundi, daktari wa meno, faili lililofichwa, fulana ya chumbani, singlendi mbichi, na kwamba hakuna sala yoyote bali niliogopa kuonekana mtoto. Nilieleza kwa pumzi moja, nadhani nilieleza mpaka aina za minyororo, maana mtu akishaanza kukiri hajui pa kusimama. Nilipomaliza aliyeongea kwanza ni Koku, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kwa hiyo ile simu uliyokuwa unaificha nikiingia," akasema. "Ile unayoigeuza kifudifudi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unachora farasi."

"Na vifaru."

"Mimi mwaka mzima nilijua una mwanamke, Evodi. Nimekonda. Nimebadilisha nywele mara tatu. Nimekonda kwa ajili ya farasi."

Hapo ndipo mtu mmoja kwenye mikeka akashindwa kujizuia, kikamtoka kicheko kupitia puani, na baada ya huyo wakafuata wengine, hata yule mzee wa mahubiri. Ila Koku hakucheka, na Ma Yustina hakucheka. Ma Yustina alikuwa anaangalia mikono yake.

Ta Feliciani alingoja wakatulia, akanigeukia.

"Umechora mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Hiki kifaru kina magurudumu mangapi kila upande?"

"Matano makubwa."

"Hapa naona manne."

"La tano limefunikwa na mkia," nikasema, na sijui ujasiri ulitoka wapi, nikiwa magotini nikamwonyesha kwa kidole. "Mkia unashuka hapa, lakini ukingo wa gurudumu unaonekana huku nyuma. Nisingeweka manne."

Akarudisha miwani, akainama, akaangalia muda mrefu. Ukingo ulikuwepo. Akaguna.

"Sisi vyetu vilikuwa vya baadaye kidogo, lakini ni ukoo mmoja," akasema. "Ndani mle kuna joto, na harufu ya dizeli ambayo haitoki kwenye ngozi wiki nzima. Nilivivuta vingi vilivyokwama, vingine vikiwa na watu wake. Sikuwahi kufikiria mtu angekaa nyumbani kwake akaviwekea maua." Akairudisha miwani mfukoni. "Mchoro si mbaya. Huo si kosa. Kosa ni kuwasimamisha wazee na mama huyu, ukachezea amina yao. Chakula mtakula, mmetoka mbali na mmelowa. Jibu la posa leo hamtalipata."

Tukala bitoke, zile ndizi zetu za kupika, kwa samaki, mimi nikiwa nimevaa shati la mzee lililonifika magotini. Niliporudi mjini nilimwandikia yule mwenzetu anayejua Kirusi, akanijibu kwamba alidhani nilijua ni utani, na akaweka picha sita za uso unaocheka. Nikajitoa kikundini siku mbili, kisha nikarudi (sina msimamo, najua).

Koku hakupokea simu yangu siku tisa. Siku ya kumi alikuja ofisini kwangu Bukoba bila taarifa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema nionyeshe yote. Nikafungua faili. Aliangalia michoro mia moja na kumi na kitu, halafu akaniuliza kwa nini hakuna hata mmoja mwenye sare ya mwalimu. Nikajua ninaweza kupona.

Kwa Ma Yustina nilirudi peke yangu, bila mshenga. Nilimkuta anaanika kahawa uani, nikamwomba radhi nikiwa nimesimama juani, akaendelea kusambaza punje kwa mkono muda mrefu sana. Mwishowe akaniambia kwamba siku ile alipofumba macho alimwombea kaka yake aliyekufa wakati wa vita, na kwamba ameamua sala yake ilifika hata kama ya kwangu haikutoka. Halafu akanipa reki nimsaidie. Nikasambaza kahawa mpaka jioni.

Posa ilikubaliwa wiki tatu baadaye. Ma Leokadia hadi leo ananiita Weka Mbali, na wajomba wote wamelidaka jina hilo. Siku nilipokwenda kupewa jibu, Ta Feliciani alinivuta pembeni akanieleza lile gari lake la kuvutia vifaru vilivyokwama, lilikuwa na winchi nyuma, na taa moja iliyopasuka ambayo hawakuwahi kupata nyingine, akauliza kama naweza kulichora. Nikamwambia naweza, nikamuuliza kama nimwondoe farasi.

"Farasi mweke," akasema. "Ila asikae kwenye kiti cha dereva. Hicho kilikuwa changu."

Nimelichora mara nne na mara tatu amelirudisha, mara winchi imekaa chini mno, mara vishikizo vya mlango si vile. Na mimi nimeapa, mbele ya Koku akiwa shahidi, kwamba sitawadanganya wakwe tena maishani, hata wakiniuliza kama wali umeiva na ukweli ni kwamba haujaiva. Juzi Ma Yustina aliniuliza. Nilimwambia haujaiva, mama. Akaufunika, akaurudisha jikoni, tukakaa wote na njaa yetu tukiusubiri.